Uzi: Tokelau, visiwa vilivyopiga kura ya kujitawala mara mbili na mara zote mbili vikabaki vilipo

Msoma Ramani (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Kwenye ule mjadala wa makoloni yaliyobaki duniani watu walitaja Gibraltar, Falkland na Sahara Magharibi, kisha mdau mmoja akafunga kwa kusema "na vile vijisiwa vya Pasifiki visivyo na habari." Havina habari vipi? Hivi vya leo nimevifuatilia kwa ushabiki tu, na kila nikivisoma naona siasa zake zina utamu kuliko za nchi zenye majeshi na ndege za kivita. Naweka hapa ninachokijua, wenye zaidi waongeze.

Fungua ramani, tafuta Samoa, kisha panda kaskazini kama kilomita 500. Hapo, kama ramani yako ni nzuri, utaona nukta tatu zimejipanga mstari mmoja: Atafu juu, Nukunonu katikati, Fakaofo chini. Hiyo ndiyo Tokelau, watu wake ni Wapolinesia, ndugu wa Wasamoa na Watuvalu. Kila nukta ni atoli, yaani pete ya matumbawe iliyozunguka bwawa la maji ya bahari, na juu ya pete hiyo kuna vijisiwa vyembamba vyembamba vya mchanga na changarawe. Ukikusanya ardhi yote ya atoli tatu unapata kama kilomita za mraba 12. Unguja inaimeza zaidi ya mara mia. Lakini bahari iliyo chini ya mamlaka yao inakaribia kilomita za mraba 320,000, na humo anapita jodari wa kutosha. Kumbukeni hilo, tutalirudia tukifika kwenye fedha.

Hakuna mlima, hakuna mto, hakuna udongo wa kujivunia. Sehemu ya juu kabisa ni kama mita 5 tu kutoka usawa wa bahari. Maji ya kunywa ni ya mvua, yanakingwa kwenye mapaa na kuhifadhiwa kwenye matangi. Kinachoota ni minazi, mikadi, mishelisheli, na magimbi makubwa yanayopandwa kwenye mashimo yaliyochimbwa mpaka kwenye unyevu. Wakazi ni kama 1,500 kwa visiwa vyote, kijiji kimoja kwa kila atoli. Pale Fakaofo watu wengi wamebanana kwenye kijisiwa kidogo kiitwacho Fale, nyumba zimegusana, ndipo wengine wakahamia ng'ambo kidogo kwenye Fenua Fala. Wenzao zaidi ya 8,000 wako Nyuzilandi, hasa Porirua na bonde la Hutt karibu na Wellington.

Uwanja wa ndege hakuna. Bandari hakuna. Kuna meli, inaitwa Mataliki, jina la kile kikundi cha nyota tunachokiita Kilimia, inatoka Apia nchini Samoa, na kufika atoli ya kwanza ni safari ya siku nzima na zaidi. Ikifika haitii gati, inasimama nje ya mwamba. Tishari linatoka kijijini kupitia mfereji uliopasuliwa kwenye mwamba, linajibana ubavuni mwa meli, na abiria anashuka akivizia wimbi lilipandishe tishari usawa wa mguu wake. Bibi mwenye kikapu, mtoto mchanga, gunia la mchele, friji, wote njia ni hiyo hiyo.

Sasa utawala. Kisheria Tokelau ni sehemu ya Nyuzilandi tangu tarehe 1 Januari 1949. Kabla ya hapo walipita mikononi mwa Waingereza, waliowaweka chini ya himaya yao mwaka 1889, wakawaunganisha na koloni la Gilbert na Ellice (leo Kiribati na Tuvalu) mwaka 1916, halafu miaka ya 1920 wakawakabidhi kwa Nyuzilandi kwa sababu ya umbali. Yupo Msimamizi anayeteuliwa na serikali ya Nyuzilandi, naye anakaa Wellington. Kati ya 2018 na 2022 aliyeshika nafasi hiyo alikuwa Ross Ardern, baba yake Jacinda Ardern aliyekuwa waziri mkuu wakati huo huo.

Lakini ukifika kijijini, huyo Msimamizi humuoni. Unamuona Taupulega, yaani baraza la wazee. Kila atoli ina lake, na kila moja lina desturi yake ya nani anakaa ndani: kwingine wakuu wa koo, kwingine wazee kwa umri. Taupulega ndilo linaloamua lini watu waende baharini, nani akarabati tangi la maji, mpaka kiasi cha pombe kinachouzwa dukani. Kila baada ya miaka mitatu kijiji kinachagua watu wawili: Faipule, anayekiwakilisha kwenye mambo ya nje ya kijiji, na Pulenuku, ambaye kwetu ungemwita mwenyekiti wa kijiji. Faipule watatu na Pulenuku watatu ndio baraza la mawaziri. Bunge lao, General Fono, linakaa mara chache kwa mwaka. Vyama vya siasa havipo.

Na mji mkuu haupo. Kiongozi wa nchi anaitwa Ulu-o-Tokelau, na cheo hicho kinazunguka kwa Faipule watatu, mwaka mmoja mmoja. Mwaka mmoja wa Atafu, mwingine wa Nukunonu, mwingine wa Fakaofo. Ulu akiwa wa Atafu, bunge linakaa Atafu. Huo ndio mji mkuu kwa mwaka huo.

Naweka nukta hapa kwanza, maswali yaje.

KijanaWaNakuru

Bwana, kumbe hawa ndio wenye dot tk, ile ya mwisho wa anwani za tovuti! Blogu yangu ya kwanza nikiwa chuo ilikuwa ya dot tk kwa sababu ilikuwa bure, wala sikuwahi kujiuliza hizo herufi mbili ni za nani. Nilidhani ni Turkmenistan.

Msoma Ramani

Ndio wenyewe, ndugu. Na hukuwa peke yako, nusu ya blogu za miaka ile hapa Afrika Mashariki zilikaa kwenye chumba cha watu wa Tokelau bila kubisha hodi. Mfanyabiashara mmoja Mholanzi alikubaliana nao kuendesha domeni hiyo, akaigawa bure na kujilipa kwa matangazo yaliyowekwa kwenye domeni zilizotelekezwa. Kuna wakati dot tk ilikuwa na majina mengi kuliko domeni ya nchi nyingine yoyote duniani, mamilioni kwa mamilioni, na nyuma yake watu 1,500.

Walipata chochote? Walipata, na kilisaidia. Lakini matapeli nao walipenda vya bure. Jina la visiwa likawa linaonekana kwenye kila barua pepe ya wizi wa nywila. Mwaka 2023 kampuni ya Meta ikaishtaki Freenom, iliyokuwa ikiendesha biashara hiyo, na mwaka uliofuata Freenom ikajitoa kabisa kwenye kazi ya domeni. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hasara kubwa zaidi waliyoipata kwenye intaneti: watu wasiokujua wanakufahamu kwa sifa ya mwizi aliyepanga chumbani kwako.

Wakili wa Kijiwe

Mleta uzi, nimesoma vizuri na nakupongeza kwa maelezo. Ila naona unapamba. Nchi ina Msimamizi aliyeteuliwa na taifa lingine, anaishi taifa hilo lingine, watu wake hawana mbunge huko Wellington, fedha yao ni dola ya Nyuzilandi, bajeti yao kwa sehemu kubwa inatoka Wellington, na Umoja wa Mataifa umewaweka kwenye orodha ya maeneo 17 yasiyojitawala. Jina la kitu hiki ni koloni. Baraza la wazee hata Waingereza walituachia hapa Tanganyika, waliliita utawala wa machifu, na wote tunajua lilikuwa linamtumikia nani.

Msoma Ramani

Wakili, hoja nzito, na ndiyo iliyonifanya nifungue uzi. Tuende kwenye kura.

Februari 2006 Watokelau waliulizwa: mnataka kuwa nchi inayojitawala kwa ushirika huru na Nyuzilandi? Mfano ulikuwepo jirani, Visiwa vya Cook tangu 1965 na Niue tangu 1974. Wanajitawala, wanabaki na uraia wa Nyuzilandi, ulinzi unabaki kwa mkubwa. Kura ilianzia Apia kwa Watokelau waliokuwa huko, kisha sanduku likapanda meli, likaenda atoli hadi atoli, na waangalizi wa Umoja wa Mataifa wakiwa nyuma yake. Matokeo: ndiyo 349, hapana 232. Asilimia 60. Sharti lilikuwa theluthi mbili, kwa hiyo haikupita.

Oktoba 2007 wakarudia. Ndiyo 446, hapana 246. Asilimia 64.4. Zilipungua kura 16 tu. Kura kumi na sita, wakuu! Hizo ni nyumba mbili tatu za Fakaofo.

Aliyekuwa anasukuma waende ni nani? Nyuzilandi yenyewe ilikuwa tayari, na Umoja wa Mataifa ulikuwa unashangilia, ukitaka jina moja lifutwe kwenye ile orodha. Aliyesita ni mwanakijiji. Maswali yao yalikuwa ya kawaida kabisa: mkataba unasema uraia wetu utabaki, lakini serikali ya Wellington ikibadilika je? Zahanati inavuja, meli ni mbovu, tujitawale kwanza au turekebishiwe kwanza? Na ndugu zetu Porirua, ambao ni wengi kuliko sisi na hawaruhusiwi kupiga kura hii, wanapiga simu kila siku kutuambia tusiharakishe.

Halafu kuna jambo la 2004 ambalo watu hulipita haraka. Mamlaka ya Msimamizi ya kuendesha mambo ya ndani yalikabidhiwa Taupulega tatu, yaani vijiji, na vijiji ndivyo vinavyoikasimu General Fono yale ya pamoja. Shule, zahanati, watumishi, vyote viko chini ya kijiji. Chifu wa Tanganyika alipokea amri kutoka juu na kukusanya kodi. Huku mamlaka yanapanda kutoka chini, serikali ya taifa ndiyo inayoazima kwa kijiji. Mimi nikiangalia hivyo naona mtu aliyekwisha kushika usukani, anaulizwa kama anataka kubadilisha kadi ya gari.

Wakili wa Kijiwe

Kadi ya gari ndiyo inayosema gari ni la nani, mkuu. Ukigongwa barabarani utaniambia.

Kwanza, theluthi mbili nani aliiweka? Uingereza ilitoka Umoja wa Ulaya kwa asilimia 52. Hawa wana 64 wanaambiwa hawajatosha.

Pili, tafuta habari za Olohega halafu urudi.

Msoma Ramani

Theluthi mbili walikubaliana General Fono wenyewe na Nyuzilandi. Na mimi siioni ajabu. Kijiji cha watu 400 au 500 kikiamua jambo kubwa huku theluthi moja imenuna, nani atavuta nyavu na nani? Taupulega huzungumza mpaka jambo liive, kura ya mkono ni mgeni kwao.

Olohega umenipata pabaya, na ni haki kuieleza. Wengine wanaijua kwa jina la Swains. Ni kisiwa cha nne, kusini ya Fakaofo, ambacho Watokelau wanakihesabu kuwa chao tangu enzi. Mwaka 1856 Mmarekani aitwaye Eli Jennings alifika pale na mkewe Msamoa, akaanzisha shamba la minazi, na ukoo wake ukakitawala kama mali ya familia. Watokelau wakawa vibarua wa kuvuna mbata kwenye kisiwa cha babu zao. Mwaka 1925 Marekani ikakiunganisha na Samoa ya Marekani. Mwaka 1953 palitokea mgogoro wa kazi, na familia za Kitokelau zikafukuzwa.

Kisha Desemba 1980 ukasainiwa mkataba wa Tokehega. Marekani ilikuwa na madai ya zamani juu ya Atafu, Nukunonu na Fakaofo, ikayaacha. Kwa upande wa pili, dai la Olohega likaachwa. Wapo wazee wa Tokelau waliokaa mezani, lakini mwenye kalamu ya mataifa alikuwa Nyuzilandi. Mpaka leo Olohega inaimbwa na kutajwa kwenye hotuba, na rasimu ya katiba iliyoandaliwa wakati wa kura iliitaja kama sehemu ya Tokelau kwa historia. Hapo Wakili una pointi na sitaipunguza.

Wakili wa Kijiwe

Sawa. Ongeza na tabianchi: nchi ya mita 5 juu ya bahari haina kiti chake kama taifa kwenye yale mazungumzo makubwa.

Msoma Ramani

Nyuzilandi iliupanua Mkataba wa Paris ukaihusu Tokelau mwaka 2017, ndiyo njia waliyonayo. Kiti chao wenyewe hapana.

Mtoto wa Kojani

Assalaam alaykum. Mie siasa siziwezi, nauliza ya bahari. Watu wa atoli wanavuaje, na chombo gani? Maana sie Pemba mwamba tunaujua. Na samaki akishafika pwani anauzwa au?

Msoma Ramani

Waalaykum salaam. Swali lako ndilo tamu kuliko yote humu.

Chombo cha asili kinaitwa vaka, mtumbwi wenye tengo moja upande mmoja. Miti mikubwa ni adimu, basi hawachongi gogo zima. Wanaunga vipande, wanatoboa kingo na kushona kwa kamba za makumbi ya nazi. Siku hizi boti nyingi ni za alumini na mashine, ila bendera yao waliyoipitisha 2009 ina vaka yenye tanga, rangi ya dhahabu juu ya buluu, ikielekea nyota nne.

Mvuvi alibeba tuluma. Hiki ni kisanduku cha mti mgumu uitwao kanava, kimechongwa kipande kimoja, na mfuniko umekaa barabara kiasi kwamba maji hayaingii. Ndani mna ndoano, chambo bandia vya ganda la lulu, na vifaa vyake vidogo vidogo. Chombo kikipinduka tuluma inaelea, mwenyewe anaikumbatia. Nimeziona kwenye picha za makumbusho, zingine zimetiwa nakshi za ganda la lulu, lakini zile za kazi hazina urembo wowote, zimesuguliwa na viganja mpaka zinang'aa.

Samaki sasa. Wazee wakitangaza uvuvi wa kijiji, wanaume wanatoka pamoja, na mzigo wote unaletwa uwanjani pwani. Unamwagwa chini, unapangwa mafungu. Huu utaratibu unaitwa inati. Kijiji kizima kimegawanywa katika makundi ya mgao, kila kundi linajulikana lina vichwa vingapi, mtoto mchanga anahesabiwa, mzee asiyeona anahesabiwa, mwalimu mgeni aliyefika kwa meli ya juzi naye anahesabiwa. Wagawaji wanatembea na samaki mkononi, wanaweka huku wawili, kule mmoja mkubwa badala ya wadogo watatu, wanarudi nyuma kuangalia kama mafungu yanalingana. Wakiridhika wanaita majina ya makundi moja moja, na watoto wanakimbilia fungu la kwao na ndoo au kikapu cha makuti. Mvuvi aliyepata jodari kumi na mvuvi aliyerudi mikono mitupu wanakula sawa. Hakuna anayelipa, hakuna anayeshukuru hadharani.

Na wapo samaki ambao huna hiari. Kasa akikamatwa, hata kama umekwenda peke yako na petroli yako, ni wa kijiji. Kumficha ni aibu ya ukoo.

Pia kuna lafu: wazee wanafunga kipande cha mwamba au kijisiwa kizima, haruhusiwi mtu kuvua wala kuokota nazi mpaka wafungue.

Mtoto wa Kojani

Hilo la kufunga mwamba hata sie tunafanya kwa pweza, miezi kadhaa, ukifunguliwa watu wanafurahi. Ila kwetu ukifunguliwa wanunuzi na mizani wapo pwani wanakusubiri.

Na chombo cha kushona! Mtepe wa Lamu ulikuwa hivyo hivyo, ubao kwa ubao kwa kamba ya nazi, hakuna msumari. Ngalawa yetu nayo ina matengo mawili, wataalamu wanasema asili yake ni mabaharia wa kutoka Indonesia waliofika Bukini, yaani Madagaska. Na hao Wapolinesia si jamaa moja nao?

Msoma Ramani

Kwa lugha ndiyo, jamaa moja kabisa. Kimalagasi na Kitokelau ni vitukuu vya lugha moja ya zamani iliyoanzia Taiwani. Watu walisambaa kwa vyombo vya matengo, wengine magharibi mpaka Bukini, wengine mashariki mpaka Kisiwa cha Pasaka. Ile ya kushona nadhani kila bahari iligundua yenyewe, penye nazi kamba haikosekani.

Kwa kuwa umegusa ubaharia: Oktoba 2010 vijana watatu wa Atafu, wa miaka 14 na 15, waliiba boti ndogo ya alumini usiku, wakaishiwa mafuta, wakapotelea baharini. Ndege za Nyuzilandi ziliwatafuta zikashindwa. Kijiji kikafanya ibada ya kuwaaga. Baada ya siku 50 meli ya kuvua jodari ikawakuta kaskazini mashariki ya Fiji, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwao, hai. Walikuwa wamekula nazi walizoondoka nazo, samaki waliorukia botini, na ndege mmoja waliyemkamata akiwa ametua. Maji ni ya mvua waliyoyakinga kwenye turubai.

Binti Ngazija

Nimesoma kimya kimya tangu mwanzo. Mleta uzi umetaja wazee, wavuvi, Faipule, wote wanaume. Wanawake wako wapi?

Msoma Ramani

Dada yangu, umenikumbusha nusu ya nchi niliyoiacha.

Ukoo wao unaitwa kaiga, nao unamiliki ardhi na minazi kwa pamoja. Haiuzwi kwa mgeni. Ndani ya kaiga kazi zimegawanywa kati ya kaka na dada, kuliko mume na mke. Upande wa kaka unasimamia mashamba na uvuvi. Upande wa dada, akiongozwa na dada mkubwa, unakaa kwenye nyumba ya ukoo na kugawa chakula. Ndiye anayejua nani kapata na nani hajapata, na wanaume wakileta nazi na samaki, neno la mwisho juu ya nani ale nini ni lake. Mwanamume akioa anahamia kwa mke. Nyumba ni ya ukeni, yeye anaingia na tuluma yake. Kaka na dada wanaheshimiana kwa mipaka mikali, maneno ya hovyo hayasemwi wakiwa pamoja.

Kijijini wanawake wana jumuiya yao, Fatupaepae, na wanaume wenye nguvu wana yao, Aumaga, hao ndio wanaopakua meli. Usafi wa kijiji, mikeka ya mkadi, mapokezi ya wageni, yote ya Fatupaepae.

Binti Ngazija

Haa! Basi hawa ni sisi. Ngazija mume anaingia nyumba ya mke, nyumba anajengewa binti. Mume akileta maneno mengi anaonyeshwa njia aliyojia. Nimewapenda.

KijanaWaNakuru

Dini yao? Na burudani je, ama ni samaki tu?

Msoma Ramani

Ukristo, na umekaa kwa mafungu kama samaki: Atafu Waprotestanti, Nukunonu Wakatoliki, Fakaofo wote wawili. Ni matokeo ya miaka ya 1860, wamisionari Wasamoa wakiingilia huku, Wakatoliki kule. Kabla ya hapo Fakaofo ilikuwa kubwa juu ya wenzake, na mungu wao Tui Tokelau alikuwa jiwe refu la matumbawe lililosimamishwa na kuvishwa mikeka.

Mwaka 1863 zilikuja meli za watumwa kutoka Peru. Zilibeba zaidi ya watu 200, karibu nusu ya watu wote, na karibu wanaume wote wenye nguvu. Waliorudi hawakufika hata wa kuhesabika. Kuhara damu kukamaliza wengine waliobaki. Mtu akiniuliza kwa nini kijiji kinapima sana karatasi ya mgeni, naanzia hapo, siyo mwaka 2006.

Burudani: kilikiti, yaani kriketi ya kwao, timu haina idadi, kijiji nusu kwa nusu. Na fatele, ngoma ya kukaa na kusimama, wanapiga sanduku la mbao na bati. Inaanza taratibu kabisa, wimbo ule ule unarudiwa, kila mzunguko kasi inaongezeka, mpaka wachezaji hawana pumzi na watazamaji wanapiga kelele. Haina mwisho wa kupoa, inakatika ghafla ikiwa kileleni.

Daktari Mstaafu

Mimi swali langu fupi. Hakuna ndege. Mama akipata uzazi pingamizi saa nane usiku?

Msoma Ramani

Mzee wangu, hapo ndipo pabaya kuliko Olohega. Kila atoli ina hospitali ndogo yenye daktari na wauguzi. Kinachozidi uwezo kinasubiri chombo cha kwenda Apia, na kutoka Apia wengine hupelekwa Nyuzilandi. Wajawazito wenye dalili za hatari husafirishwa mapema. Suala la uwanja wa ndege limejadiliwa mno, wengine wanautaka kwa ajili hii hii, wengine wanauliza utajengwa juu ya nini, maana kuulaza ni kula ardhi ya ukoo fulani au kufukia mwamba.

Faida pekee ya umbali ilionekana wakati wa korona. Walikaa bila mgonjwa hata mmoja mpaka Desemba 2022, dunia nzima ilishachoka kuvaa barakoa.

Umeme wako vizuri. Mpaka 2012 walichoma dizeli iliyoletwa kwa mapipa. Mwaka huo wakafunga paneli za sola zaidi ya 4,000 na mabetri kwenye atoli zote tatu, wakawa wa kwanza duniani kupata karibu umeme wote kwa jua. Friji zikaongezeka, matumizi yakapanda, na jenereta bado zinasaidia. Mwaka 2022 wakaunganishwa na waya wa intaneti wa chini ya bahari. Gharama nyingine zinatoka kwenye ile bahari niliyowaambia mkumbuke: leseni za meli za kigeni za jodari zinawaingizia fedha nyingi kuliko chochote kingine wanachokimiliki.

Wakili wa Kijiwe

Kwa hiyo wana umeme, intaneti, mapato ya jodari na serikali ya vijiji. Wakiulizwa mara ya tatu watasema nini?

Msoma Ramani

Wakiwa na meli ya uhakika na zahanati isiyovuja, nadhani zile 16 zinapatikana. Ila swali lenyewe halisumbui vijijini kama linavyosumbua Umoja wa Mataifa kule New York. Vijana kuhamia Nyuzilandi ndiko kunakowakosesha wazee usingizi. Shule ikiisha, meli hiyo hapo, uraia upo, kazi iko Wellington. Aumaga inapungua mikono.

Mtoto wa Kojani

Mtu akitaka kwenda kutembea?

Msoma Ramani

Fika Apia kwanza, omba kibali kwenye ofisi yao ya pale. Ombi linapelekwa Taupulega ya atoli unayokwenda, wao ndio wanaokubali au kukataa, na lazima useme utalala kwa nani. Meli inapanga nafasi kwa wenyeji na wagonjwa kwanza. Ukishuka uwe na viatu vya kulowana, na siku ya inati usishangae jina la nyumba uliyofikia likiitwa na kichwa chako kimo ndani ya hesabu.